Namba Iliyolala Kwenye Seva

Tarehe 17 Septemba 2015, kompyuta moja ya Chuo Kikuu cha Central Missouri, Marekani, ilimaliza hesabu iliyokuwa imeishughulikia usiku na mchana kwa siku 31. Ikatuma jibu kwenye seva ya mradi iliokuwa ikiutumikia, ikapokea hesabu nyingine, ikaendelea na kazi. Jibu lile halikuwa la kawaida: chukua mbili, uipandishe kwenye kipeo cha 74,207,281, utoe moja, na unachobaki nacho ni namba tasa yenye tarakimu 22,338,618, kubwa kuliko namba tasa nyingine yoyote iliyokuwa ikijulikana duniani. Seva ilitakiwa iwapelekee wasimamizi barua pepe papo hapo. Barua haikwenda. Namba ikalala ndani ya seva pamoja na majibu mengine chungu nzima yasiyo na habari, Oktoba ikapita, Novemba ikapita, Desemba ikapita, hadi tarehe 7 Januari 2016 ukaguzi wa kawaida wa kumbukumbu ulipoifukua. Leo ukiangalia orodha ya mafanikio ya mradi huo utakuta namba hiyo imeandikwa chini ya mwaka 2016. Septemba haimo.

Mradi wenyewe unaitwa GIMPS, kifupi cha jina la Kiingereza lenye maana ya Msako Mkuu wa Namba Tasa za Mersenne kupitia Intaneti. Ulianzishwa Januari 1996 na George Woltman, mwandishi wa programu wa Marekani, na ni miongoni mwa miradi ya mwanzo kabisa ya ukokotoaji wa kujitolea. Mtu anaweka programu kwenye kompyuta yake, programu inaomba kazi, na mwenye kompyuta anapokwenda kulala au kunywa chai, nguvu ya kichakataji ambayo ingepotea bure inatumika kupima namba. Mwanzoni kazi ziligawanywa kwa kuandikiana barua pepe. Mwaka 1997 Scott Kurowski akatengeneza seva ya PrimeNet iliyoufanya ugawaji huo yenyewe. Kufikia Oktoba 2024 mradi ulikuwa umegundua namba tasa 18. Historia ya namna hii inajipendekeza kuchorwa: nukta kumi na nane kwenye mstari wa nyakati, kila moja na mwaka wake, jina la mgunduzi wake na idadi ya tarakimu zake, tayari kutundikwa ukutani. Hoja yangu ni kwamba mchoro huo, ingawa kila kilichoandikwa ndani yake ni kweli, unasimulia historia ya kitu kingine kisichokuwa ukokotoaji wa kujitolea. Unasimulia historia ya bahati. Kazi waliyoifanya wale watu kwa karibu miaka thelathini haimo kwenye nukta. Imo kwenye nafasi nyeupe iliyo kati ya nukta na nukta, na anayetaka kuuchora mradi kwa haki inabidi aanzie hapo.

Tuanze na tarehe, kwa kuwa ndiyo inayoonekana kuwa imara kuliko vyote. Matatizo yake yalikuwepo kabla ya kompyuta. Mwaka 1644 mtawa Mfaransa Marin Mersenne alichapisha orodha ya vipeo ambavyo, kwa kauli yake, vinatoa namba tasa mpaka kufikia kipeo cha 257. (Kiswahili kimeziita namba hizi tasa kwa sababu hazigawanyiki, ilhali ndizo zinazozaa namba nyingine zote kwa kuzidishana, jina limewaonea wazazi.) Orodha ya Mersenne ilikuwa na makosa matano: iliziingiza 67 na 257 zisizostahili, na ikaziacha 61, 89 na 107. Kuisafisha yote kulichukua miaka 303, hadi 1947. Na usafishaji haukwenda kwa mpangilio wa namba. Édouard Lucas alithibitisha ile ya kipeo cha 127 mwaka 1876. Ya 61 ikaja mwaka 1883, ya 89 mwaka 1911, na ya 107 mwaka 1914. Yaani iliyo kubwa kuliko zote ndiyo iliyotangulia, na wadogo zake wakajitokeza mmoja mmoja nyuma yake kwa muda wa miaka 38. Anayechora kwa kufuata tarehe anaharibu mpangilio wa namba, na anayechora kwa kufuata namba anaharibu mpangilio wa tarehe.

Kompyuta zilipoingia, tatizo likawa la ndani zaidi. Mwaka 1961 Alexander Hurwitz aliiendesha mashine ya IBM 7090 nayo ikampatia namba tasa mbili kwa mkupuo mmoja, za vipeo vya 4253 na 4423. Karatasi ya majibu ilikuwa imepangwa kwa namna iliyomfanya aisome kutoka mwisho, hivyo jicho lake likaiona kwanza ile kubwa, kisha baada ya sekunde chache ile ndogo. Mwanahisabati John Selfridge akauliza swali ambalo hadi leo halijapata jibu la kumridhisha kila mtu: je, jambo lililopatikana na mashine linahesabika kuwa limegunduliwa kabla hajaliona mwanadamu? Kama jibu ni ndiyo, basi namba ya 4253, yenye tarakimu 1,281, iliwahi kuwa namba tasa kubwa kuliko zote zinazojulikana, japo kwa muda mfupi sana. Kama ni hapana, haijawahi kuwa hivyo hata dakika moja. Mapokeo yalishika upande wa jicho, na GIMPS mwaka 2016 wakafuata mapokeo hayo kwa kutaja kisa hichohicho cha Hurwitz. Msomaji wa pwani hatashangazwa na kanuni hii, kwa maana ni ya mwezi mwandamo: mwezi upo angani, hesabu inajua upo, lakini mfungo hauanzi mpaka mtu wa kuaminika aseme ameuona. Tofauti ni kwamba katika mwandamo watu wengi wanatazama kwa pamoja jioni moja ileile, na ndiyo maana ubishi huwa wa siku moja. Kwenye seva hakuna aliyekuwa akitazama, na ubishi ukawa wa miezi minne kasoro siku chache.

Wala haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 2009 kompyuta ya mtu mmoja wa Norway iliripoti mwezi Aprili kwamba kipeo cha 42,643,801 kinatoa namba tasa. Binadamu waligundua ripoti hiyo Juni. Hiyo nayo ilikuwa ndogo kuliko namba nyingine iliyokwisha kupatikana Agosti 2008 kwenye kompyuta za Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, ya kipeo cha 43,112,609. Hapo katikati, wiki mbili baada ya ile ya Los Angeles, ikapatikana Ujerumani nyingine ndogo zaidi, ya kipeo cha 37,156,667. Kubwa, ndogo, ya katikati: ndivyo zilivyofuatana. Namba ya Los Angeles ilikuwa na tarakimu 12,978,189, ikawa ya kwanza kuvuka milioni kumi, na ikaupatia mradi zawadi ya dola 100,000 iliyokuwa imeahidiwa na taasisi ya Electronic Frontier Foundation. Jarida la Time likaiweka katika orodha yake ya uvumbuzi 50 bora wa mwaka 2008, kwa jina la namba tasa ya 46 ya Mersenne. Mwaka uliofuata ile ya Norway ikajipenyeza chini yake, na ya 46 ikawa ya 47. Hata hapo haikuwa na uhakika wa cheo chake, maana ili useme namba fulani ni ya 47 inabidi uwe umepima vipeo vyote vilivyo chini yake na kuvipima tena. Kazi hiyo ilikamilika Aprili 2018. Kwa hiyo nukta moja tu, ile inayoandikwa 2008, ina Agosti ya kuonekana kwake, mwaka 2009 wa kubadilishwa jina, na mwaka 2018 wa kuthibitishwa cheo. Ukiiweka kama nukta umeifuta miaka kumi.

Miaka hiyo kumi ndiyo kiini cha kazi yenyewe. Anayejiunga na GIMPS hapewi namba tasa aitafute. Anapewa kipeo kimoja akipime, na karibu kila mara jibu linalorudi ni kwamba si tasa. Watu wengi wakiambiwa habari za ukokotoaji wa kujitolea hukimbilia kusema haba na haba hujaza kibaba. Methali ni nzuri lakini hapa inapotosha. Haba za GIMPS hazijumlishwi zikawa namba tasa; kila kipimo kinasimama peke yake, na namba tasa inapopatikana inakuwa imepatikana kwenye kompyuta moja, bila msaada wa hesabu za wengine. Kinachojazwa ni kibaba kingine kabisa, nacho ni mpaka: mahali ambapo mtu anaweza kusimama na kusema kuanzia hapa kurudi nyuma tunajua kila kitu. Mpaka huo unasogea kwa sababu ya majibu yasiyotangazwa na mtu. Tena kuna mipaka miwili. Kompyuta za nyumbani hukosea. Joto likizidi au kumbukumbu ikiwa na hitilafu, tarakimu moja inapotea katikati ya hesabu ya wiki kadhaa na jibu zima linaharibika. Ndiyo sababu kila kipeo kilipimwa mara mbili, na watu tofauti, na majibu yakalinganishwa. Mpaka wa kwanza ulikuwa wa vilivyopimwa mara moja, na wa pili, ulio nyuma sana, wa vilivyohakikiwa. Mwaka 2018 unaonyesha umbali wake: Aprili uhakiki ulikuwa ndiyo kwanza unavuka kipeo cha milioni 43, wakati Desemba mwaka huohuo namba mpya ikapatikana Florida kwenye kipeo cha 82,589,933. Kati ya hapo kuna deni lenye upana wa karibu milioni 40 kwenye safu ya vipeo. Hakuna orodha ya nukta inayoweza kulionyesha deni hilo, na hao waliokuwa wakililipa, waliokubali kuziazimisha kompyuta zao zirudie kazi ya watu wengine huku wakijua kwamba kugundua kitu kipya kwa njia hiyo ni nadra mno, hawana mahali pa kukaa kwenye mchoro.

Ushahidi wenye nguvu kuliko wote ni ile nafasi kati ya Desemba 2018 na Oktoba 2024. Kwenye mstari wa nukta ni jangwa: karibu miaka sita bila namba hata moja, kimya kirefu kuliko vyote katika historia ya mradi. Mtu akiangalia mchoro atadhani watu walichoka. Kumbe ni katika miaka hiyohiyo ambapo njia ya kufanya kazi ilibadilika kuliko wakati mwingine wowote. Kipimo cha zamani, kinachobeba majina ya Lucas na Derrick Lehmer, kilianza kuachwa kwa vipimo vya mara ya kwanza, kikapokewa na kipimo kingine chenye mbinu ya Robert Gerbicz ya kunasa makosa ya mashine wakati hesabu ikiwa bado inaendelea. Kisha mwaka 2020 ikaongezwa mbinu iliyotokana na kazi ya Krzysztof Pietrzak: kompyuta inayopima inatoa pamoja na jibu lake cheti cha kihisabati, na kompyuta nyingine inaweza kukihakiki cheti hicho kwa sehemu ndogo tu ya muda uliotumika. Maana yake ni kwamba kurudia kipimo kizima hakukuhitajika tena. Nusu ya jasho la mradi, au karibu hivyo, iliondolewa kwa hatua moja, na deni nililolitaja likaacha kuongezeka. Katika historia ya ufundi, tukio la namna hiyo ndilo linaloandikwa kwa herufi kubwa. Hapa halina nukta kwa sababu hakuna namba iliyozaliwa siku hiyo.

Januari 2016 inatoa mfano mwingine mdogo wa hilihili. Wakati magazeti yakiandika juu ya namba iliyofukuliwa kwenye seva, programu ya GIMPS ilikuwa imekwisha kufichua kasoro katika vichakataji vipya vya Intel vya aina ya Skylake, ambavyo viliganda vikipewa hesabu fulani nzito. Intel ikakiri na kutoa marekebisho. Mtu aliyenunua kompyuta yenye kichakataji hicho, awe anaitumia kwa hesabu za duka au kwa michezo, alifaidika na kasoro hiyo kurekebishwa. Namba yenye tarakimu milioni 22 haijamfaa mtu wa namna hiyo kwa lolote. Ukiuliza ni tukio gani kati ya hayo mawili lenye nafasi kwenye mstari wa mafanikio, jibu unalijua.

Pingamizi la kwanza dhidi ya haya yote ni la kiutendaji, nalo lina uzito. Mradi wa kujitolea hauna mshahara wa kumpa mtu. Una heshima tu, na heshima inahitaji nyota. Ukimwonyesha kijana mchoro wa mipaka inayosogea kwa miaka kumi, ataona grafu ya mauzo na kwenda zake. Ukimwonyesha jina la mwanafunzi wa miaka 19 aliyegundua namba mwaka 1998 kwa kompyuta ya kawaida, atajiunga usiku huo. Sikatai kwamba nyota huwaleta watu. Ninachokataa ni kwamba ndizo zinazowabakiza. Namba 18 kwa karibu miaka 29, zikigawanywa kwa maelfu ya watu, ni sawa na kusema kwamba takribani kila aliyejiunga ameondoka, au ataondoka, bila kugundua chochote, na analijua hilo. Kama nukta ndiyo ingekuwa ujira, mradi ungekufa mapema. Wenyewe wanajiwekea historia nyingine: seva inampa kila mtu alama kwa kazi aliyoifanya hata kama jibu lilikuwa si tasa, na pembeni kuna orodha ya hatua ambamo imeandikwa siku uhakiki ulipovuka kipeo fulani. Aprili 2018 niliyoitaja juu haikutoka kwenye gazeti. Ilitoka kwenye orodha ya aina hiyo. Mchoro ninaoutetea hauwaletei jambo geni. Unachora wanachokihesabu tayari.

Pingamizi la pili linasema kwamba kukanusha si kufanikiwa, na kwamba mtu haandikwi kwenye historia kwa kuonyesha kuwa kitu fulani hakipo. Historia ya namba hizihizi inalijibu. Mwaka 1903 Frank Nelson Cole alisimama mbele ya mkutano wa wanahisabati wa Marekani akaonyesha kwamba ile namba ya kipeo cha 67, ambayo Mersenne aliiita tasa, ni 193,707,721 ikizidishwa kwa 761,838,257,287. Inasimuliwa kwamba hakutamka neno. Alikokotoa ubaoni pande zote mbili mpaka zikalingana, akarudi kuketi, na ukumbi ukampigia makofi. Jambo la Cole lilikuwa kukanusha, na zaidi ya karne baadaye bado linasimuliwa. Kama kukanusha kwa mkono kunastahili makofi, sioni kwa nini kukanusha kwa kichakataji, mara mamilioni, kusistahili hata mstari mwembamba wa kijivu. Nakubali kwamba Cole alionyesha vigawo na GIMPS mara nyingi hawavionyeshi, wanasema tu kwamba vipo. Lakini Lucas naye mwaka 1876 alionyesha kwamba namba hiyo si tasa bila kuvijua vigawo vyake, na hakuna anayemwondolea sifa.

Ipo miradi ambayo pingamizi hilo lingeifuta kabisa. SETI@home, iliyozinduliwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, tarehe 17 Mei 1999, iliwapa watu data za darubini ya redio ya Arecibo, Puerto Rico, watafute ishara za viumbe wenye akili kutoka nje ya dunia. Zaidi ya watu milioni tano walijiunga. Tarehe 31 Machi 2020 iliacha kugawa kazi, na hakuna ishara iliyopatikana. Kwa kanuni ya nukta, mstari wake una ncha mbili na utupu wa miaka 21 katikati. Lakini kutoka humo ilitoka BOINC, programu ya msingi ambayo miradi mingine mingi ya kujitolea imejengwa juu yake, ukiwemo Einstein@Home. Na Einstein@Home ndiyo ninayoiona kuwa imelikaribia suluhisho bila kukusudia. Mwaka 2010 ilitangaza nyota ya pulsa PSR J2007+2722, iliyopatikana kwenye data za Arecibo za mwaka 2007. Kwa kuwa kila kazi hupelekwa kwenye kompyuta mbili ili majibu yalinganishwe, sifa walipewa wenye kompyuta zote mbili, wenzi wa Iowa na mtu wa Mainz, Ujerumani. Mhakiki amesimama sawa na mgunduzi, kwa sababu haiwezekani kumjua nani ni nani. Katika GIMPS sifa huandikwa kwa jina la mwenye kompyuta, Woltman, pengine wengine wawili watatu wa seva, halafu neno la Kilatini lenye maana ya “na wenzao”. Wenzao hao ndio mradi.

Suala la nani anaonekana linafika mbali kuliko kompyuta. Mwaka 2006 ilianza Africa@home, iliyosimamiwa na CERN, na kazi yake ya kwanza ilikuwa MalariaControl.net ya Taasisi ya Kitropiki ya Uswisi, Basel, ambayo ina mizizi Ifakara, Tanzania, tangu miaka ya 1950. Kompyuta za kujitolea ziliendesha mifano ya jinsi malaria inavyoenea na jinsi chandarua au chanjo ingeweza kuipunguza, na mifano hiyo ikapimwa kwa takwimu zilizokusanywa vijijini. Mstari wa mafanikio wa mradi kama huo ukianza siku seva ilipowashwa, aliyekesha akinasa mbu na mama aliyekubali mwanawe atobolewe kidole hawamo. Nao walijitolea, na bila wao kompyuta zisingekuwa na cha kukokotoa.

Kuhusu namna ya kuchora, mwalimu wa kwanza bado ndiye bora. Mwaka 1765 Joseph Priestley alichapisha Uingereza chati ya wasifu yenye watu maarufu wapatao 2,000, kila mmoja akiwa mstari ulalao kuanzia kuzaliwa hadi kufa. Pale ambapo tarehe haikuwa na uhakika aliweka nukta. Kwake nukta ilikuwa alama ya shaka, na mstari alama ya kujua, sisi tumeyageuza. Mchoro wa GIMPS kwa mtindo wake ungekuwa na miaka chini na vipeo pembeni. Mistari miwili ingepanda kutoka kushoto kwenda kulia, wa kwanza kwa vilivyopimwa, wa pili chini yake kwa vilivyohakikiwa, na eneo la katikati lingetiwa rangi hafifu, nalo ni deni. Mwaka 2020 rangi ingebadilika. Kila namba tasa ingekaa kwenye kimo cha kipeo chake, na mkia wa urefu wa hesabu iliyoizaa: siku 111 kwa ile ya 1999 iliyopita tarakimu milioni moja, siku 6 kwa ile ya 2017. Upande wa pili mstari wa nukta za Priestley ungetoka kwenye namba hadi siku cheo chake kilipohakikishwa, na kwa namba zisizohakikishwa ungefika ukingo wa karatasi ukakatika. Ile ya Missouri ingeanza Septemba 2015, na Januari 2016 ingepata alama ndogo ya jicho.

Yupo atakayesema mchoro huo utapitwa na wakati, kwa kuwa zama za kompyuta za nyumbani zimekwisha. Namba ya Oktoba 2024, ya kipeo cha 136,279,841 na tarakimu 41,024,320, ilipatikana na Luke Durant wa California kwa kutumia vichakataji vya michoro vilivyokodishwa kwenye vituo vya data katika nchi 17. Kimoja cha Dublin kilitoa dalili tarehe 11, kingine cha San Antonio, Texas, kikathibitisha siku iliyofuata. Mtu mmoja mwenye fedha na maarifa aliwazidi nguvu waazimishaji wengi kwa pamoja. Ni kweli, na kwenye mstari wa nukta jambo hilo halionekani: ni nukta ya 18, sawa na ya 17. Kwenye mchoro wa mipaka lingepaswa kuonekana kama mwinuko wa ghafla wa mstari wa juu, na msomaji angejiuliza mwenyewe kama bado ni mradi uleule.

Kuna kumbukumbu moja ya zamani iliyokwepa mitego mingi ya tarehe na majina. Mwaka 1963 Donald Gillies alipata namba tasa tatu kwa mashine ya ILLIAC II ya Chuo Kikuu cha Illinois, na idara ya hisabati ikaiweka kubwa yao kwenye muhuri wa mashine yake ya posta. Muhuri haukusema ni kubwa kuliko zote, wala nani aliipata, wala lini. Ulisema tu kwamba 2¹¹²¹³ − 1 ni tasa. Mwaka 1971 namba kubwa zaidi ikapatikana kwingine, na barua za idara hiyo zikaendelea kutoka na maneno yaleyale hadi 1976, pembeni yake tarehe ikibadilishwa kila asubuhi na karani wa posta.